Nauli ya Kange hadi Dar Nayo Ni Gharama ya Kazi

SWALI

Shikamoo Bi Mhasibu. Mimi ni kijana wa Ngamiani, Barabara ya 14, naandika programu za kompyuta. Huu ni mwaka wa pili nafanya kazi na kampuni moja ya Hamburg, Ujerumani. Si mwajiriwa wao. Tuna mkataba, na kila mwisho wa mwezi natuma ankara. Mwezi wa tano waliniita kwenye mkutano wa siku nane. Tiketi ya ndege walikata wao, mengine wakasema nilipe kwanza, nikirudi nidai. Nimedai basi la Dar kwa safari zote mbili, gesti ya usiku mmoja nilipokwenda kuomba viza, viza yenyewe, bima, chakula, na hoteli usiku 11 (siku tatu za mwisho nilibaki kumtembelea binamu yangu). Wamerudisha viza na hoteli usiku nane tu. Ya Tanzania wanayaita gharama za nyumbani, na posho ya chakula wanasema ni ya wafanyakazi wao tu. Je, nina haki? Na hizo walizorudisha, TRA (Mamlaka ya Mapato) wanazihesabu kama mapato?

M.S., Tanga

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, natenga kilicho chako na kisicho chako.

Nianze na kisicho chako, maana ndicho kilichoharibu dai zima. Zile siku tatu za binamu hukutakiwa kuziandika kabisa. Anayesoma dai kutoka Hamburg hakujui wala haijui Barabara ya 14. Anakujua kwa karatasi uliyomtumia. Akikuta humo kitu kisichomhusu, anaanza kuutilia shaka hata mstari ulio halali. Waandikie leo hii uwaambie umeziondoa siku hizo tatu. Usingoje waulize tena.

Sasa nauli ya basi na gesti, na hapa niko nawe kabisa. Anayeomba viza ya Schengen, yaani ya nchi za Ulaya kama Ujerumani, kwa mara ya kwanza hutakiwa kufika mwenyewe kutoa alama za vidole, na kwa mtu wa Tanga kufika huko ni kwenda Dar, safari ya kilomita zaidi ya 300. Hukwenda Kariakoo kununua vitenge. Ulipanda basi Kange kwa sababu wao walikuita, na bila safari hiyo tiketi waliyokukatia isingekuwa na kazi. Waeleze hivyo hivyo, kwa sentensi mbili, bila kulalamika: sheria ya viza inataka nifike mwenyewe, mahali pa karibu ni Dar, basi la asubuhi halikunipa nafasi ya kurudi siku ileile. Ni watu wa ofisini, wanaelewa sababu. Wanachokosa ni picha ya umbali, nawe hukuwapa.

Bima pia waidai. Viza hiyo haitolewi bila bima ya matibabu ya angalau euro 30,000. Kama wamekubali kurudisha euro 90 za viza, sioni watakataaje kilichokuwa sharti la viza hiyohiyo.

Chakula ndicho kigumu. Wanaposema posho ile ni ya wafanyakazi wao, hawakudanganyi. Tangu 2020 kodi ya Ujerumani inamruhusu mwajiri kumlipa mfanyakazi aliye safarini ndani ya nchi hiyo euro 28 kwa siku nzima, na euro 14 kwa siku ya kuondoka na siku ya kurudi, bila kukatwa kodi. Kampuni ikiwa imelipia na kifungua kinywa cha hoteli, zinapunguzwa euro 5.60. Huo ni utaratibu wa mwajiri na mwajiriwa wake. Wewe ni mtoa huduma. Unachostahili ni kile mlichoandikiana, nawe hukunitajia kwamba mkataba wenu unasema kitu juu ya chakula. Kwa hiyo safari hii omba, usidai. Lakini safari ijayo viweke viwango hivyo mezani kabla hujafunga begi: jamani, mnawalipa wenzangu euro 28, na mimi tuandikiane hizo hizo. Ni hesabu wanayoifahamu tayari, wala hawahitaji kumuuliza mtu.

Hapa nataka nikae kidogo. Vijana wengi wanaofanya kazi za nje wakiwa nyumbani wanaogopa kutaja pesa mapema, wanaona wataonekana wana njaa. Mwanangu, mteja mzuri hachukii kuulizwa. Barua fupi kabla ya safari inatosha: nani anakata tiketi, nani analipa hoteli (bora walipe wao moja kwa moja), nauli kutoka Tanga hadi uwanja wa ndege imo au haimo, chakula kiasi gani kwa siku, nikidai nitalipwa ndani ya siku ngapi. Na ada ya benki, usiisahau. Pesa ikitoka Ulaya, benki ya katikati inaweza kumega kipande njiani, ukadai 300 ukapokea pungufu. Andikeni kwamba ada zote ni za mtumaji. Kama huna akiba, omba malipo ya awali. Kuikopesha kampuni ya Ulaya kutoka kwenye mfuko wako wa Ngamiani si heshima, ni mzigo.

Nije kwa TRA. Ndiyo, wanahesabu. Wewe una makazi hapa, hivyo mapato yako ya popote duniani yanaingia kwenye ritani yako, ile taarifa ya kodi ya kila mwaka. Ulichorudishiwa kupitia ankara kinaingia upande wa mapato, na ulichotumia kinatoka upande wa matumizi, mradi kilitumika chote kwa ajili ya kuzalisha kipato hicho tu. Vikilingana, hakuna kodi. Lakini kinatoka kwa ushahidi. Chukulia wamekurudishia shilingi milioni 3 nawe huna hata risiti moja. Kama kipato chako cha mwaka kimeshapita milioni 12, kila shilingi ya juu yake inatozwa asilimia 30, na laki 9 zitakutoka kwa pesa ambayo hukuila. Siku zako tatu za binamu hazimo kwenye matumizi hayo, wala bodaboda ya kukutoa nyumbani kwenda mahali pako pa kazi pa kila siku.

Mali bila daftari huisha bila habari, na mimi nilijifunza kwa kuumia. Mwaka 2019 nilikwenda Mombasa kwa kazi ya mteja mmoja, nikapitia Horohoro, nikalipa kila kitu na risiti nikazitia kwenye bahasha kabatini. Miezi saba baadaye mteja akataka kuziona. Ya gesti ilikuwa nyeupe pe. Karatasi ya mashine huandikwa kwa joto, wino haumo. Kwa joto letu la Tanga maandishi yalikuwa yamekwenda yote, ukibakia mstari wa kijivu mahali ilipokunjwa. Hakunilipa, na sikuwa na la kumwambia.

Tangu hapo risiti naipiga picha palepale kaunta, kabla ya kuikunja, na nyuma yake naandika kwa penseli nilikwenda wapi na kwa kazi ya nani. Bodaboda asiye na risiti namlipa kwa simu, ujumbe ndio ushahidi wangu, na jioni naandika daftarini: tarehe, kutoka wapi, hadi wapi, kiasi. Gesti ya Dar daima omba risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, yenye jina lako. Euro uzigeuze shilingi kwa kiwango cha siku ile ya matumizi. Na kumbukumbu hizo zitunze miaka mitano, sheria inataka hivyo.

Kwenye ankara, gharama za safari zikae mistari yake, mbali na malipo ya kazi. Ritani ya mwaka huu mwisho wake ni 30 Juni mwakani, una muda wa kutosha kukusanya. Kinachobana ni lile dai la Hamburg: liandike upya wiki hii, bila siku za binamu, basi na gesti na bima zikiwa na sababu zake mbele na picha za risiti nyuma, na chakula ukikiomba kwenye aya yake peke yake. Tiketi za basi bado unazo? Kama zimo kwenye mfuko wa suruali, zitoe kabla haijafuliwa.