Jibu: Kwa nini miche yetu ya mikoko imekufa yote?

Ndugu, unauliza kwa nini miche ya mikoko mliyopanda mbele kabisa, pale mawimbi yanapovunjika, imeng'oka yote. Kosa ni mahali. Kila mti una sehemu yake: mlilana ndio hukaa mbele kupambana na bahari, mkoko wenyewe, yaani aina inayoitwa hivyo hasa, hufuata nyuma yake kwenye tope, kisha mkandaa, na mchu huvumilia chumvi kule juu. Ile mbegu ya mkoko, ndefu na nyembamba, huokotwa kwa urahisi, ndiyo maana watu huichomeka popote. Hata sisi tuliwahi, msimu mzima ukapotea.

Kabla ya kupanda tena, nendeni mkayatazame maji wakati wa bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kutoka sana kuliko kawaida, yakijaa na yakitoka. Kama kuna mkondo uliozibwa, zibueni. Mara nyingi mikoko hurudi yenyewe.

Halafu kibali. Mikoko ya Kenya ni msitu wa hifadhi wa serikali tangu 1932, kwa hiyo chama chenu cha msitu kiandikiane mkataba na KFS, shirika la serikali la misitu, kwanza. Watu wa Gazi, kule Kwale, walipita njia hiyo: mradi wao wa Mikoko Pamoja unalinda hekta 117 na kuuza kaboni yake, yaani hulipwa kwa hewa ya ukaa ambayo mikoko hiyo huihifadhi, tena walipanda mivinje ili watu wapate kuni na nguzo.