Mirija ya kaboni ya kutolea elektroni: tatizo ni msongamano

Mkuu, unasema mirija yako ya kaboni (ile midogo ya upana wa nanomita) imeota mirefu na kusongamana kama zulia, ila ukiifungia kwenye ombwe mkondo ni kiduchu hata ukipandisha volti. Kinachoiangusha ni huo msongamano unaousifia.

Elektroni hazichomoki kwenye kaboni mpaka uga wa umeme pale nchani ufike volti 2,000 hadi 3,000 kwa mikromita. Wembamba ndio unaokufikisha huko. Mrija wa mikromita 5 wenye nusu kipenyo cha nanomita 25 huzidisha uga kama mara 200, basi ukiuwekea volti 10 hadi 15 kwa mikromita unatema elektroni. Mirija ikibanana, kila mmoja unamkinga jirani yake, na faida ya ncha inapotea. Mtafiti Nilsson na wenzake walilionyesha hili mwaka 2000: nafasi kati ya mirija iwe kama mara mbili ya urefu wake.

Maabara niliyosomea Uingereza tulichora vidoti vya nikeli juu ya silikoni, unene nanomita chache tu; nikeli ndiyo kichocheo kinachoiotesha mirija. Kidoti kikubwa kikipata joto huvunjika, na kila kipande huotesha mrija wake, kwa hiyo vifanye vidogo. Na nikeli isigusane na silikoni! Huungana nayo kwenye joto, kichocheo kikaliwa chote. Katikati weka nitridi ya titani, inayozitenga na bado inapitisha umeme. Wengine huweka oksidi ya silikoni, lakini kwa kathodi (kitoa elektroni) mimi siipendi, kwa sababu haipitishi umeme na elektroni zinahitaji njia ya kupanda.

Kuotesha kwenyewe hakuna maajabu: gesi za asetilini (inayoleta kaboni) na amonia, nyuzi 700 za Selsiasi hivi, plazma (gesi iliyochajiwa umeme) ikiwaka ili mirija isimame wima. Amonia ndiyo inayosafisha kaboni chafu. Asetilini ikizidi, masizi yanajaa katikati ya mirija.

Ukianza kupima, pandisha volti taratibu. Mrija mmoja uliozidi wenzake urefu hubeba mkondo karibu wote na kuungua, wakati mwingine kwa cheche inayoharibu sampuli nzima.

Kama huna mashine ya kuchorea vidoti, tandaza tufe ndogo za plastiki ya polistireni safu moja, fukizia nikeli ipite kwenye mianya, kisha ziondoe tufe kwa kimiminika kinachoziyeyusha. Hapo ukubwa wa tufe ndio unaoamua nafasi kati ya mirija, nayo huwa ndogo, kwa hiyo zima gesi mapema, mirija ibaki mifupi.