Sirinji, barafu na ile namba 273

Nikiwa kidato cha tatu nilipoteza alama kwa swali ambalo sijalisahau: gesi yenye nyuzi 27 za Selsiasi inapashwa hadi 54, mgandamizo haubadiliki, ujazo utakuwaje? Nikaandika "maradufu", nikapigia na mstari kwa kujiamini. Mwalimu akanipiga kosa jekundu.

Sifuri ya Selsiasi ni pale maji yanapoganda, basi. Hewa haina habari nayo. Sifuri ya kweli iko nyuzi 273.15 chini ya hapo, na ukitaka kusema joto limeongezeka mara ngapi, anza kuhesabu kutoka huko. Nyuzi zinazohesabiwa kutoka huko huitwa kelvini: ile 27 yangu ilikuwa kelvini 300, na 54 ni 327. Ujazo unaongezeka asilimia 9 tu!

Kukariri "ongeza 273" hakukunisaidia. Kilichonifungua macho ni sirinji ya mililita 60, na nakushauri uijaribu. Vuta hewa hadi 30, ziba mdomo kwa gundi. Izamishe kwenye maji ya barafu, subiri dakika tano, soma. Kisha kwenye maji ya moto ya nyuzi 70. Chora grafu, nyuzi zikiwa chini na ujazo pembeni, halafu uendeleze mstari kushoto mpaka ujazo ufike sifuri: hapo panapaswa kuwa karibu na −273.

Mstari wangu wa kwanza ulitua kwenye −85. Nikafurahi, kumbe kituo cha Vostok, Antaktika, kilishapima −89.2 mwaka 1983, na hewa ya huko haikutoweka. Nilikuwa nimeiosha sirinji, tone la maji likabaki ndani. Kwenye joto likageuka mvuke na kusukuma kisukumio kupita kiasi. Nilipoikausha nikapata −290. Hapo shida ilikuwa mpira wa kisukumio kukwama, kwa hiyo kizungushe kidogo kabla ya kusoma.

William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alipendekeza skeli hii mwaka 1848. Baadaye kipimo kikafungwa kwenye maji, kwa nukta ambapo barafu, maji na mvuke hukaa pamoja: kelvini 273.16. Tangu Mei 20, 2019 kimefungwa kwenye namba thabiti ya Boltzmann, inayounganisha joto na nishati ya chembe.

Jambo jingine: tofauti ya joto haiongezewi 273. Kutoka nyuzi 27 hadi 54 ni kelvini 27, si 300. Hilo nalo lilinila alama, kidato cha tano.