Maswali Yenu Kuhusu Ngozi: Asidi Laktiki

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu kitu kimoja: asidi laktiki, asidi ya maziwa yaliyochacha, ambayo siku hizi inaonekana kwenye lebo za seramu, losheni na hata sabuni za uso. Nimechagua tano ambazo majibu yake yatawafaa wengi zaidi.

*Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, uso wangu umefubaa na una vipele vidogo kwenye paji. Nilinunua seramu ya asidi laktiki ya asilimia 10 nikawa naipaka kila usiku. Wiki ya kwanza uso uling'aa, lakini wiki ya pili ukaanza kuwasha na kubanduka pembeni mwa pua na mdomo. Je, nimeuziwa seramu bandia, au ngozi yangu haipatani nayo?*

Marahaba, mwanangu. Katika maelezo yako sioni dalili ya seramu bandia. Ninachoona ni asidi iliyofanya kazi yake kupita kiasi ambacho ngozi yako ingeweza kuhimili. Seli za juu kabisa za ngozi zimekwisha kufa, lakini bado zimeshikana kwa viungo vidogo vya protini. Ngozi yenye afya huvikata viungo hivyo yenyewe, kidogo kidogo, na seli zikadondoka pasipo sisi kuona. Kwa kijana, safari ya seli kutoka chini ya tabaka la juu hadi kudondoka huchukua takriban wiki nne, na hurefuka kadiri umri unavyosogea. Asidi laktiki hulegeza viungo hivyo, seli zilizokawia zikaachia, na ngozi iliyobaki ikawa laini na yenye kuakisi mwanga vizuri. Huo ndio mng'ao ulioufurahia wiki ya kwanza. Ulipoendelea kupaka kila usiku, ukaanza kuondoa hata seli ambazo zilikuwa bado na kazi ya kuzuia maji yasitoke na vichokozi visiingie. Pembeni mwa pua na mdomo ndipo mahali pa kwanza kulalamika, kwa sababu seramu hujikusanya kwenye mikunjo ya sehemu hizo na kukaa pale usiku kucha.

Kuna jambo jingine ambalo lebo nyingi hazilisemi, nami natamani kila mnunuzi alijue: asilimia peke yake haikuelezi nguvu ya seramu. Sehemu ya asidi laktiki inayochubua seli ni ile iliyo huru. Sehemu iliyogeuka kuwa chumvi, yaani laktati, hasa hunyevusha. Kinachoamua mgawanyo huo ni pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi. Katika pH ya 3.86 nusu ya asidi iko huru na nusu ni laktati, lakini katika pH ya 5 iliyo huru haifiki hata asilimia 7. Kwa hiyo chupa mbili zilizoandikwa asilimia 10 zinaweza kutofautiana sana, moja ikauma na nyingine ikapita kama losheni ya kawaida. Jopo la wataalamu linalotathmini usalama wa viambato vya vipodozi nchini Marekani liliweka mpaka wa asilimia 10, na pH isiyopungua 3.5, kwa vipodozi ambavyo mtu hujipaka mwenyewe nyumbani. Wewe ulianzia kwenye dari, tena kila usiku.

Acha seramu hiyo mpaka uso utulie kabisa, usiwashe hata unapopaka krimu ya kawaida. Wakati huo nawa kwa kisafishio kisicho kikali, paka krimu ya kunyevusha isiyo na manukato, na skrabu uiweke kando. Utakaporudi, tafuta ya asilimia 5, uipake usiku mara mbili kwa wiki juu ya ngozi iliyokauka vizuri, kisha upake krimu juu yake. Baada ya mwezi, kama hakuna muwasho, unaweza kufika mara tatu. Kwa maoni yangu nyuso nyingi hazihitaji kuvuka hapo, na vipele vidogo vya paji la uso huitikia zaidi uvumilivu kuliko asilimia.

*Kwa nini tununue seramu wakati mtindi una asidi hiyohiyo? Na je, mwenye mzio wa maziwa anaweza kuitumia?*

Ni kweli kwamba mkemia wa Uswidi, Carl Wilhelm Scheele, aliitenga asidi hii kutoka kwenye maziwa yaliyochacha mwaka 1780. Hata hivyo mtindi una takriban asilimia 1 tu ya asidi, na kwa pH yake ya karibu 4.5 ni kiasi cha moja ya tano ya hiyo iliyo huru. Kuupaka usoni kutakupoza na kukulainisha kwa muda, lakini usitarajie kazi ya seramu. Asidi ya vipodozi siku hizi hutengenezwa zaidi kwa kuchachusha sukari ya mimea kama mahindi, na mzio wa maziwa husababishwa na protini za maziwa, wala si na asidi yenyewe. Mwenye mzio huo asiogope neno laktiki, ila asome lebo kuhakikisha kwamba hakuna viambato vingine vya maziwa.

*Mimi ni mama wa miaka 56. Miguu yangu kuanzia magotini kushuka ni mikavu na ina magamba, nikipaka mafuta yanabaki juu juu tu. Binti yangu ameniletea losheni yenye laktati asilimia 12. Naogopa neno asidi.*

Binti yako amekuchagulia vizuri, dada yangu. Hii ndiyo kazi ambayo asidi laktiki inaimudu kuliko nyingi za jamaa zake, nayo ndiyo iliyoipa heshima katika tiba ya ngozi kabla haijawa kipodozi cha uso. Mwaka 1974 watafiti wa Marekani, Eugene Van Scott na Ruey Yu, walieleza jinsi asidi za kundi hili, linaloitwa alfa haidroksi, zilivyowasaidia wagonjwa waliozaliwa na ngozi yenye magamba mazito. Losheni ya amoniamu laktati ya asilimia 12 imetumika kama dawa ya ukavu mkali wa ngozi kwa miongo kadhaa sasa.

Sababu ya kufaa kwake ni kwamba inafanya mambo mawili kwa pamoja. Hulegeza magamba, kama nilivyomweleza mwanafunzi, na papo hapo huvuta maji na kuyashikilia. Laktati si mgeni ndani ya ngozi. Ni sehemu ya takriban asilimia 12 ya ule mchanganyiko wa asili unaoifanya ngozi ibaki na unyevu, pamoja na yurea na asidi amino. Mafuta uliyokuwa ukipaka yalikuwa yanafunika magamba makavu, na maji ya kufungiwa chini yake yalikuwa machache. Anza na losheni, isubiri inyonywe, ndipo upake mafuta yako juu. Utaona yanavyokaa tofauti. Paka mara mbili kwa siku, jioni ukipaka baada ya kuoga na kujikausha kwa kugusa taulo bila kusugua. Uchonyoto mdogo wa dakika chache siku za mwanzo ni wa kawaida. Usiipake juu ya nyufa, michubuko, au mara tu baada ya kunyoa, na kama una kisukari, nyufa za miguu mwonyeshe daktari kwanza kabla ya losheni yoyote. Vipele vidogo vigumu vya nyuma ya mikono, vile vinavyofanya ngozi ionekane kama ya kuku aliyenyonyolewa, navyo hulainika kwa losheni hiyohiyo, ingawa hurudi ukiacha.

*Ndugu mhariri, nina madoa meusi yaliyoachwa na chunusi. Nimeshauriwa asidi laktiki, lakini mume wangu anasema huko ni kujichubua na amekataa nisiilete nyumbani. Nani yuko sahihi?*

Mume wako ana haki ya kuogopa, kwa kuwa madhara ya mkorogo wenye zebaki, haidrokwinoni ya kiholela au steroidi kali ni ya kweli: zebaki huharibu figo, na steroidi hukondesha ngozi mpaka mishipa ikaonekana. Lakini asidi laktiki haimo katika kundi hilo. Haikuumbiwa kubadilisha rangi ya mtu, nayo haiwezi. Doa lililoachwa na chunusi ni rangi iliyozidi mahali palipopata uvimbe, na sehemu kubwa ya rangi hiyo hupanda juu pamoja na seli. Asidi inapoharakisha kudondoka kwa seli hizo, doa hupungua kurudi kwenye rangi yako mwenyewe. Majaribio ya maabara yameonyesha pia kwamba inapunguza utendaji wa kimeng'enya kinachotengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi, lakini kwa kipimo cha nyumbani mimi ningetegemea zaidi kazi ya kwanza.

Hapa naomba unisome kwa makini, kwa sababu ndipo watu wenye ngozi nyeusi wanapoumia. Ngozi yetu hujibu kila muwasho kwa kutengeneza rangi. Ukiichoma kwa asidi kali ili kuondoa doa, unajitengenezea doa jipya, mara nyingi pana kuliko la kwanza. Molekuli ya asidi laktiki ni kubwa kuliko ya asidi glaikoliki, jamaa yake wa kundi la alfa haidroksi, uzito wao ukiwa 90 kwa 76, hivyo inaingia polepole kidogo na kwa kawaida huchokoza kidogo. Ndiyo maana naipendekeza ya kwanza kwa ngozi kama yako. Tumia asilimia 5, mara mbili kwa wiki, na uhesabu miezi, si siku. Maji ya asidi ya asilimia 30 na kuendelea yanayouzwa mitandaoni usiyaguse. Hayo ni ya mikono ya mtaalamu aliyesomea.

Jua nalo litakurudisha nyuma usipojikinga. Asidi za kundi hili huifanya ngozi iungue kwa urahisi zaidi, na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani inapendekeza lebo zake ziwatake watumiaji wajikinge na jua muda wote wa matumizi na wiki moja baada ya kuacha. Paka losheni ya jua ya SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi kila asubuhi. Ukipata yenye rangi iliyotiwa oksidi za chuma ni bora zaidi, kwa kuwa huzuia pia mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao huongeza madoa kwenye ngozi nyeusi. Mwonyeshe mume wako lebo ya seramu yenyewe mkaisome pamoja. Kama haiorodheshi viambato vyote, yeye ndiye atakuwa sahihi.

*Nina ujauzito wa miezi minne. Nilikuwa natumia retinoli na asidi laktiki kwa zamu. Niendelee?*

Hongera, mama kijacho. Retinoli iache sasa hivi. Inatokana na vitamini A, na dawa zote za jamii hiyo hazishauriwi wakati wa ujauzito. Asidi laktiki ya kipimo kidogo, asilimia 5 au pungufu, kwa kawaida huchukuliwa kuwa salama, kwa kuwa kinachopenya hadi kwenye damu ni kidogo sana na mwili wenyewe huitengeneza kila siku. Ngozi ya mjamzito inaweza kuwa nyepesi kuwashwa kuliko ulivyoizoea, kwa hiyo ijaribu kwanza nyuma ya sikio kwa siku mbili hata kama ni chupa ileile ya zamani, na uitaje kwa mkunga wako kwenye kliniki ijayo pamoja na vitu vingine vyote unavyopaka. Baada ya kujifungua na kumaliza kunyonyesha, ukitaka kuirejesha retinoli, usiipake usiku mmoja na asidi.