Nitakujibu, ila si hapa mbele za watu

Wiki hii gazeti limetuuliza wasomaji: "Mtu akiipinga imani yako, unamjibuje?" Mimi ni Mwanglikana wa Muheza, naishi Temeke, na nusu ya ukoo wetu ni Waislamu, kwa hiyo swali hili nimekua nalo. Jibu langu ni kwamba namjibu, lakini si mbele za watu. Naomba nafasi nieleze kwa nini.

Kwanza tukubali jambo ambalo wengi hulikwepa wasije wakaitwa wachochezi. Imani ya jirani yangu inaipinga yangu hata akiwa amenyamaza. Katika msikiti wa nyuma ya nyumba ninayopanga husomwa Suratul Ikhlas, kwamba Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa. Jumapili sisi tunasimama kanisani kukiri Mwana wa pekee aliyezaliwa kwa Baba. Maneno hayo mawili hayapatani, na anayetutuliza kwa kusema "dini zote ni moja" amewadharau walioswali na waliosali. Hata hivyo mtaa wetu unalala na kuamka, tunaazimana sufuria, na kuku wa Krismasi kwetu huchinjwa na mjomba ili kila atakayekuja ale. Basi kupingwa peke yake hakutuumizi kiasi hicho. Kinachochoma ni kupingwa huku watu wamekaa wanasubiri kuona nani ataishiwa maneno.

Waliokaa Dar es Salaam miaka ya 1990 wanaikumbuka mihadhara ya viwanjani. Meza, spika, Biblia iliyochomekwa vipande vya karatasi kila ukurasa, mhadhiri amesimama na msomaji wake pembeni. "Fungua Yohana 17:3. Soma!" Msomaji anasoma, akifika kwenye "wakujue wewe, Mungu wa pekee wa kweli" anakatizwa: "Rudia hapo!" Anarudia, takbira inapigwa. Wakristo nao wakafungua viwanja vyao, wakawa wanasoma Qur'ani kwa mtindo uleule. Sura ya Yunus, aya ya 94, inayosema ukiwa na shaka waulize wanaosoma Kitabu kabla yako. "Rudia hapo!" Safari hii ni haleluya. Aya ya juu yake na ya chini yake hazina mwenyewe.

Mimi nilikuwa nasimama kule nyuma, karibu na wauza kahawa, na nilichokuwa natazama zaidi ni watu. Mhadhiri hawezi kusema "hapo ndugu yangu umenishika, ngoja nikatafute." Watu wake wamekuja na nauli zao. Hata kama hoja imemwingia, ataimeza na kufungua mstari mwingine. Na yule aliyekuja na swali lake la kweli, lile linalomnyima usingizi, akinyoosha mkono anaulizwa kwanza yuko upande gani.

Sisemi mihadhara ipigwe marufuku. Katiba yetu, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa imani na hata wa kubadili dini, na serikali ikianza kupima nani kasema nini tunafika pabaya. Februari 1998 watu waliuawa kwa risasi Mwembechai, hapa Dar es Salaam, katika vurugu zilizofuata wahadhiri wa Kiislamu kukamatwa kwa madai ya kuukashifu Ukristo. Waislamu waliuliza, na nadhani walikuwa na haki ya kuuliza: kusema Yesu si Mungu kunakuwaje kashfa wakati hiyo ndiyo imani yao yenyewe? Ninachosema mimi ni kwamba ule uwanja haufai kwa kazi tunayodhani unafanya. Oktoba 2012 kule Mbagala watoto wawili walibishana juu ya msahafu. Kwa habari za wakati ule, mmoja alimwambia mwenzake kwamba atakayeukojolea atageuka nyoka, na mwenzake akaukojolea aone. Ubishi wa watoto, wa kumalizwa na wazazi wawili kwenye kibaraza. Ulipowafikia umati, makanisa yakavamiwa.

Kuna njia nyingine, na nchi hizi zinaijua. Tafsiri ya kwanza kamili ya Qur'ani kwa Kiswahili, ya mwaka 1923, ilifanywa na padri wa misheni yetu ya Kianglikana Zanzibar, Godfrey Dale, na Waislamu wengi hawakuipenda hata kidogo. Mwaka 1953 Waahmadiya, jumuiya ambayo Waislamu wengi hawaihesabu kuwa ya Kiislamu, wakatoa yao. Sheikh Abdulla Saleh Al-Farsy, ambaye hakukubaliana na Dale wala na Waahmadiya, akaandika yake, ikatoka kamili mwaka 1969. Ukali ulikuwepo, tena mkubwa, lakini aliyetaka kumjibu mwenzake ilimbidi kwanza asome alichoandika, na msomaji akabaki na vitabu vya kulinganisha. Hakuna aliyemkatiza mwenzake katikati ya sentensi.

Sasa niteremke kwenye maisha ya kawaida. Ninafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo. Mchana mmoja tuko kwa mama ntilie, meza imejaa, mwenzangu wa stoo, Mwislamu, akapaza sauti: "Dada, hebu tusaidie leo. Kama Yesu ni Mungu, kule Gethsemane alikuwa anamwomba nani?" Meza ikanyamaza. Mlokole mmoja wa duka la jirani akaanza kufuta mkono ili anijibie. Nikasema, "Swali zuri, kaka. Nitakujibu tukifunga duka, sasa hivi nina njaa." Wakapiga kelele, "Kaishiwa!" Wakacheka, nikala wali wangu. Kicheko cha namna hiyo inabidi ukivumilie, na nakiri ni kigumu kuliko swali lenyewe, maana nyuma yako kuna wenzako wa imani wanaoona umewaangusha.

Jioni tukatembea pamoja kuelekea Gerezani. Nikamweleza tunavyoamini: kwamba alikuwa mtu kamili, mwenye hofu na jasho, na mtu kamili huomba, kwamba Mwana alikuwa anasema na Baba, na kwamba tunaposema Mungu mmoja hatutanii, ingawa sijui kukichorea kitu hicho picha. Akasema haijamwingia. Nikamwambia wala sikutegemea imwingie kati ya Msimbazi na Gerezani. Tukaenda kidogo, ndipo akasema lililomsukuma. Mpwa wake wa kike anataka kuolewa na kijana wa Kilutheri. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haiwazuii, lakini kwao mwanamke wa Kiislamu kuolewa na Mkristo haijuzu, dada yake analia kila siku, na yeye kama mjomba anategemewa aseme neno. Alitaka kujua hawa watu hasa wanaamini nini na watamtaka binti afanye nini. Mezani pale angeliuliza vipi hilo? Alilibeba kwa mzaha kwa sababu mzaha ndio uliokuwa unabebeka.

Tangu hapo kila ninapochokozwa najiuliza huyu ana nini nyumbani kwake. Mara nyingine hana kitu, anatafuta kicheko tu. Huyo naye nampa ahadi ileile ya jioni, na jioni simwoni.

Najua kuna Mkristo atanitolea 1 Petro 3:15, tuwe tayari siku zote kumjibu kila mtu. Naijua, nilikaririshwa nikijiandaa kwa kipaimara, na inamalizia "kwa upole na kwa hofu". Mjomba naye akisikia mhadhiri anatukana huwa anataja Sura ya An-Nahl, aya ya 125, kujadiliana kwa namna iliyo bora. Mimi upole mbele ya watu thelathini siuwezi. Anayeuweza ajibu palepale. Na mtu akitukana badala ya kuuliza, hilo ni jambo jingine, lina sheria yake, mimi huondoka.

Kusema kweli Waislamu hawanisumbui sana. Anayenisumbua ni binamu yangu aliyeokoka. Yeye anatumia kitabu changu mwenyewe. Kwake, maji niliyomiminiwa kichwani nikiwa mchanga hayakuwa ubatizo, kwa hiyo sijabatizwa, kwa hiyo nijihadhari. Ananipa Matendo 8, towashi aliyeshuka majini. Namrudishia Matendo 16, mlinzi wa gereza aliyebatizwa usiku yeye na wote waliokuwa wake, je, hapakuwa na mtoto hata mmoja? Ananiambia hapakuandikwa mtoto. Kweli hapakuandikwa. Nilimpelekea padri wetu hoja hiyo, akanijibu kwa habari za tohara na agano, ni jibu zuri na bado halijanitosha lote. Naendelea kusali katika kanisa langu huku nikiwa na swali mkononi. Sioni kwa nini mtu ashindwe kuishi hivyo.

Binamu huyo aliwahi kulimwaga jambo hilo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, katikati ya michango ya arobaini ya bibi, Waislamu wetu wote wakisoma. Nikaandika neno moja: "Nipigie." Akapiga, tukazozana mpaka salio lake likaisha, na kwenye kundi michango ikaendelea.

Sasa amenialika kwenye mkutano wa injili, ule ambao watu huitwa mbele. Nimekataa, nimemwambia aje kwangu Jumamosi, watoto watakuwa kwa shangazi yao, tukae tangu asubuhi. Akauliza aje na Biblia yake? Nikamwambia Biblia ipo, yeye apitie Feri alete samaki.