Muulize Fundi: Waya za spika na RCA za kujitengenezea nyumbani

Safari hii maswali ya redio za sebuleni yamekuwa mengi na karibu yote yanazunguka kwenye waya, basi ukurasa mzima nawaachia nyinyi wenye amplifaya na spika zenu. Maswali nimeyafupisha kidogo.

Shikamoo fundi. Nimepata amplifaya ya mtumba na spika mbili kubwa za omu 8 (omu ni kipimo cha kuzuia umeme), spika ya mbali iko kama mita 6 kutoka kwenye amplifaya. Jamaa wa dukani kanikazania kwamba bila ule waya mnene wa bei mbaya wa shaba isiyo na oksijeni sauti haitakuwa sauti, na hela hiyo sina. Naweza kujitengenezea? – Msomaji, Tanga

Marahaba mdogo wangu. Unaweza, tena vizuri tu, na hela utakayookoa kaongezee kwenye spika maana spika ndo zinazoimba. Waya wa spika kazi yake ni kupeleka umeme bila kuuzuia, na kinachozuia ni vitu vitatu, unene, urefu na aina ya madini. Kuhusu hiyo shaba isiyo na oksijeni, shaba ya kawaida ya waya wa umeme tayari ni safi kwa asilimia 99.9 kwa hiyo hapo sikio lako halitaona tofauti.

Sasa hesabu yenyewe. Mafundi wengi tunaenda na kanuni kwamba ukinzani wa waya mzima, kwenda na kurudi, usizidi asilimia 5 ya omu za spika. Spika yako ni omu 8, maana yake waya usizidi omu 0.4. Mita 6 kwenda na 6 kurudi ni mita 12. Ule waya mwembamba wa 0.5 (namba hii ni unene wa shaba kwa milimita za mraba) kwa mita 12 unakupa omu 0.41 hivi, umeshavuka mstari. Waya wa 1.5 unakupa kama 0.14 na wa 2.5 kama 0.08. Kwa hiyo 1.5 inakutosha kabisa, hata siku ukinunua spika za omu 4 bado inapita, na ukikuta 2.5 laini ya bei nzuri chukua ila zaidi ya hapo unanunua uzito tu.

Nenda duka la vifaa vya umeme, sio la muziki, omba fleksi ya nyuzi nyingi ya 1.5, ile ya kutengenezea ekstenshen, wanakukatia kwa mita. Usichukue waya mmoja mgumu wa kupitisha kwenye bomba za ukutani, umeme unapita vizuri ila ukiukunja kunja unakatika. Na ukishaugeuza kuwa waya wa spika usije ukaufunga plagi ya ukutani hata kwa dakika moja.

Kingine usidanganywe na unene wa plastiki. Kariakoo umejaa na Luthuli kule Nairobi umejaa, waya unene kama kidole, plastiki ya kuonekana ndani inang'aa nyekundu vizuri kabisa, kumbe ndani ni alumini imepakwa shaba juu juu na alumini inapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba. Kwa hiyo 1.5 yako inakuwa kama umenunua 1. Omba kipande kidogo, vuta uzi mmoja, ukwangue kwa wembe. Ukiwa mwekundu nje na mweupe ndani, mrudishie. Ukiwa mweupe nje na mwekundu ndani usiogope, hiyo ni shaba iliyopakwa bati ili isishike kutu, na kwa nyinyi wa Tanga na hewa yenu ya chumvi hiyo ni bora zaidi.

Kwenye kufunga, menya kama sentimita moja, zisokote nyuzi zote zisibaki hata moja inachungulia, maana uzi mmoja tu ukigusa upande wa pili hiyo ni shoti na amplifaya nyingi za zamani zinaungua papo hapo. Kama unabana kwa skrubu usizipake risasi ya kuunganishia zile ncha, risasi ni laini, inajibonyeza taratibu, baada ya muda skrubu inalegea na spika inaanza kukata kata. Zisokote tu, bana, baada ya wiki kaza tena.

Halafu nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, kwa spika zote mbili. Ukigeuza moja besi inapotea, unasikia tu kitu kimepwaya katikati na huelewi shida ni nini. Kama alama zimefutika chukua betri ya tochi ya volti 1.5, chomoa kwanza waya kwenye amplifaya, gusisha mara moja kwenye ncha za waya. Karatasi ya spika ikiruka nje, ncha iliyogusa chanya ya betri ndo nyekundu. Ikizama ndani ni kinyume chake.

Kaka fundi, nimetengeneza waya wa RCA (ile plagi ya pini moja katikati na kikombe cha nje) mwenyewe kutoka kwenye deki kwenda kwenye amplifaya, nimetumia waya wa spika uliobaki. Inapiga lakini kuna mvumo mmmmm muda wote, nikisogeza mkono karibu unazidi. – Msomaji, Morogoro

Shida iko kwenye waya wa spika uliobaki. Pale kwenye spika unapita umeme wenye nguvu, hakuna cha kuusumbua, lakini sauti inayotoka kwenye deki ni ndogo sana, na amplifaya inaikuza pamoja na kila takataka iliyoingia njiani, ukiwemo umeme wa nyumba wa 50 Hz ambao ndo huo mvumo unaousikia. RCA lazima iwe na shildi, yaani wavu wa nyuzi za shaba uliozunguka waya wa katikati. Tafuta waya wa maikrofoni, ule mweusi laini, ndani una waya mbili na wavu. Ndo ninaoupenda kuliko zote kwa kazi hii.

Fanya hivi. Kabla ya chochote pitisha kile kifuniko cha plagi kwenye waya, nawaambia watu kila siku na kila siku napigiwa simu na mtu kamaliza kuunganisha na kifuniko kiko mezani. Menya ganda la nje sentimita moja na nusu, fungua wavu taratibu kwa ncha ya sindano bila kukata nyuzi, usokote uwe kamba moja. Waya mmoja wa ndani, tuseme mwekundu, unaenda pini ya katikati. Waya wa pili unaungwa pamoja na wavu kwenye kile kikombe cha nje.

Plagi yenyewe ichomeke kwanza kwenye soketi yoyote ya kike iliyokufa, unayo tu kwenye mabaki. Inakusaidia mambo mawili, inashika plagi isicheze na inazuia pini ya katikati isihame ile plastiki yake ikipata joto. Soldaringi ya wati 30 au 40 inatosha. Gusa chuma cha plagi na waya kwa pamoja, hesabu mbili tatu, ndo upeleke risasi pale kwenye chuma, sio kwenye ncha ya soldaringi. Ikiwa tayari utaona inakimbia yenyewe, inaingia katikati ya nyuzi na inang'aa kama maji. Toa moto na usitingishe mpaka ikauke. Ikikauka imefifia ya kijivu, ina mabonge, imekaa juu kama tone haijashika, hiyo itakukwaruzia sauti, ipashe tena. Dirisha liwe wazi na ukimaliza nawa mikono, risasi ya kawaida ina madini ya ledi.

Kabla ya kuchomeka chukua mita ya kupimia umeme, iweke kwenye mlio. Pini kwa pini ilie, kikombe kwa kikombe ilie, pini kwa kikombe inyamaze kabisa. Wakati unapima ukunje kunje waya karibu na plagi, ikilia na kukata ujue maungio hayajashika.

Ukishaweka waya wa shildi na mvumo bado upo, chomoa kebo ya dishi au ya antena nyuma ya king'amuzi. Ukinyamaza, basi ethi (njia ya umeme kwenda ardhini) inazunguka kupitia njia mbili, ya kwenye dishi na ya kwenye plagi. Anza kwa kuchomeka vyombo vyote kwenye ekstenshen moja, wakati mwingine inaisha hapo hapo. Kuna watu watakushauri ukate ile pini ya ethi kwenye plagi ya amplifaya. Usikubali hata kidogo, ile pini ndo inayokulinda siku umeme ukivuja kwenye bodi ya chuma na mtoto akaishika.

Fundi, nimebakiwa na kebo ya dishi kama mita 10, naweza kutengenezea RCA? – Msomaji, Nakuru

Acha hiyo. Shildi yake mara nyingi ni karatasi na nyuzi za alumini, risasi ya kawaida haishiki pale, na waya wa katikati mara nyingi ni chuma kilichopakwa shaba. Halafu kebo yenyewe ni ngumu, nyuma ya redio inavuta soketi mpaka zinalegea.

Habari fundi. Nataka waya wa kutoka kwenye simu kwenda kwenye sabufa yangu, ina tundu moja tu la RCA. Nimeunganisha waya wa kushoto na wa kulia pamoja, nikashangaa sauti imekuwa dhaifu. – Mama wa wawili, Mombasa

Nzuri dada. Kwenye pini ya simu ile ncha ya mbele kabisa ni kushoto, pete inayofuata ni kulia, na sehemu ya nyuma ni ya pamoja, ila chunguza hapo dukani uchukue pini yenye pete nyeusi mbili, yenye tatu ni ya maikrofoni na itakuchanganya.

Ukiunganisha kushoto na kulia moja kwa moja, kila upande unausukuma mwenzake ndani ya simu, ndo maana sauti imefifia, na simu nayo inaumia. Nunua rezista (vifaa vidogo vya kupunguza umeme) mbili za kilo-omu 1, ni hela ndogo sana. Moja ifunge kwenye waya wa kushoto, nyingine wa kulia, zikishapita hapo ndo ziungane ziende kwenye pini ya katikati ya RCA. Zifunike vizuri kwa ule mrija unaosinyaa kwa moto, zisigusane na wavu. Na kwa vile uko Mombasa, nunua plagi zilizopakwa dhahabu hata za bei ya chini. Dhahabu haiongezi utamu wa sauti lakini haishiki kutu, na kutu ya pwani ndo inayoleta ile mikwaruzo ukigusa waya. Hizo plagi za zamani ulizonazo zifute kwa spiriti kila baada ya miezi michache, chomeka chomoa mara kadhaa, zitarudi.