Baba karudisha hela, mimi nimenuna

SWALI: Shikamoo mama. Baba ana duka la vitenge hapa Mwanga, Kigoma. Nilipomaliza chuo aliniita nimsaidie. Juzi mteja kaleta kitenge kimechuja, kishashonwa gauni na harusini kimeshavaliwa! Baba kamrudishia hela yote, tena huku wanacheka. Nilipolalamika akaniambia ninyamaze nijifunze biashara. Mimi nimesomea uhasibu. Nifanyeje?
Mtoto wa Duka

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwenzio ni Stanley Marcus, wa duka la Neiman Marcus kule Dallas, Marekani. Lilifunguliwa 1907 na baba yake Herbert, shangazi yake Carrie, na mume wa shangazi, Al Neiman. Kijana kasoma Harvard, moyo wake uko kwenye vitabu, mzee akamvuta dukani. Siku moja mteja akarudisha gauni la lesi la dola 175, kalivaa mara moja tu na kaliharibu. Mzee akasema arudishiwe, na kwa tabasamu. Stanley akabisha: kiwanda hakitatufidia. Mzee akamjibu kwamba mama yule hafanyi biashara na kiwanda, anafanya na sisi. Miaka iliyofuata mama huyo alinunua hapo vitu vya zaidi ya dola 500,000.

Sisemi kila anayerudisha alipwe. Mimi nauza viatu Ujiji. Wa kuvaa Jumamosi na kurudisha Jumatatu nawajua kwa visigino. Ila baba yako anamfahamu yule mteja, wewe bado. Uhasibu wako uutumie hapa: fungua daftari, andika nani kanunua nini, nani karudisha, na kitenge kilikatwa jora lipi. Jora lile lile likichuja tena, mwenye kesi ni anayewaletea mzigo kutoka Kongo. Hapo baba atakusikiliza, maana kuna hela ya kudai.

Halafu hukuniambia kama unalipwa. Nahisi kununa kwako kumeanzia huko. Carrie na mumewe walipoachana, 1928, Neiman alinunuliwa sehemu yake ya duka akaondoka, jina lake likabaki mlangoni hadi leo. Kwenu sehemu ya nani ni ipi? Dada zako, kama unao, wamo? Usimuulize mzee mbele ya wateja. Ngoja mfunge duka, mpe chai, anza na mshahara wako. Habari ya dada zako ifuate siku nyingine.